Mbuzi Wawili Hawapo

Mhadhara wa wazi uliotolewa Lodwar, Kaunti ya Turkana, kuhusu uongozi na usalama wa mitandao



Nimeombwa nizungumzie yale tunayoweza kujifunza kuhusu uongozi kutoka kwa wakuu wa kampuni za teknolojia, hasa wale wanaolinda mitandao dhidi ya wadukuzi. Kabla sijafika kwao, naomba ruhusa nianze na mbuzi.

Nilipokuwa na miaka minane hivi nilichunga mbuzi wa babu yangu kando ya laga ya Kawalase, mto wa msimu. Jioni mifugo ikirudi, babu alikalia ekicholong, kigoda chake, karibu na mlango wa boma la miiba, akawatazama wakiingia. Hakuhesabu moja, mbili, tatu. Aliwajua kwa rangi na kwa pembe, na pengo la asiyekuwapo aliliona upesi kuliko sisi tulivyowaona waliokuwapo. Lakini zilikuwako jioni ambazo babu alikuwa safarini, na aliyejua kwamba mbuzi wawili hawapo nilikuwa mimi peke yangu. Nikisema usiku uleule, vijana watatoka na tochi na kufuata nyayo kabla upepo haujazifuta. Nikinyamaza hadi asubuhi, nikijidanganya kwamba watarudi wenyewe, tutaokota mifupa.

Sasa, kusema kwangu au kunyamaza kwangu hakukutegemea ushujaa wangu. Mtoto wa miaka minane ana ushujaa gani? Kulitegemea jambo moja: mtoto wa mwisho aliyeleta habari kama hiyo alipokewa na swali, au alipokewa na fimbo?

Hilo ndilo nililokuja kuwaambia, na mengine yote yatakuwa ushahidi wake. Kiongozi wa mambo ya mitandao hapimwi kwa bei ya mitambo aliyonunua. Apimwe kwa muda ambao habari mbaya inachukua kutoka kwa mtu wa chini kabisa hadi kumfikia yeye, na kwa muda anaochukua yeye kuifikisha kwa wale watakaoumia.

Msidhani habari hizi ni za Nairobi au za Marekani. Kambi ya Kakuma ilifunguliwa mwaka 1992, wavulana wa Sudan walipofika wakiwa wametembea kwa miguu maelfu kwa maelfu. Wakati huo mtu alijulikana kwa karatasi na kwa kadi ya mgao. Tangu 2013, anayekwenda kuchukua chakula ameweka kidole kwenye mashine kwanza, mashine ikakubali ndipo akapimiwa. Mwaka 2015 Shirika la Chakula Duniani, kwa kushirikiana na Safaricom, lilianzisha Bamba Chakula: sehemu ya mgao ikawa fedha ndani ya laini ya simu, na mwenye laini akaenda kununua kwa mfanyabiashara aliyesajiliwa. Mwaka 2018 Shirika la Fedha la Kimataifa, lile la Benki ya Dunia linaloshughulikia sekta binafsi, lilichapisha utafiti uliokadiria kwamba matumizi ya watu wa Kakuma, kambini na mjini, ni kama dola milioni 56 kwa mwaka. Leo Kakuma na makazi jirani ya Kalobeyei zina watu takriban laki tatu. Hawa wote wana majina, vidole, namba za simu, na historia ya walikokimbia na waliyemkimbia, na yote hayo yamo ndani ya kompyuta za mtu fulani.

Sisi Waturkana hatukusubiri kompyuta ili tujue kazi ya alama. Emacharit, chapa ya ukoo, huchomwa kwenye ngozi ya mnyama, na popote atakapokwenda, hata akiibwa akavushwa mpaka, mwenye macho ataisoma na kujua ni wa nani. Kuna tofauti moja, nayo ni kubwa. Ngamia hubeba chapa yake mwenyewe. Alama ya kidole chako hubebwa na mtu mwingine, ndani ya seva ambayo hujawahi kuiona na hujui iko nchi gani. Tena namba ya siri ikiibwa utaibadilisha leo hii. Kidole utakibadilisha na nini? Wapo Wakenya, hasa wa Garissa, wanaokadiriwa kufikia 40,000, ambao wakati wa ukame na njaa waliandikishwa kama wakimbizi ili wapate chakula. Njaa ilipita, vidole vyao vikabaki kwenye daftari la wakimbizi, na walipokwenda kuomba kitambulisho cha taifa, mashine ikawakana. Data haisahau kama tunavyosahau sisi.

Sasa niwape kisa changu mwenyewe. Ofisi sitaitaja, wala mwaka.

Nilikuwa fundi wa kompyuta Kakuma. Asubuhi moja nilipita kwa mama mmoja auzaye mandazi na chai ya rangi, akanifungia mandazi manne kwenye karatasi. Nilikula nikitembea. Nilipofika la tatu nikaona jina la mtu. Nikaifungua karatasi. Ilikuwa orodha iliyopigwa chapa: jina, namba ya kadi, idadi ya watu wa nyumba, namba ya simu, na safu ya mwisho yenye kichwa "Maelezo". Kwenye safu hiyo mmoja ameandikwa mjane. Mwingine ameandikwa ugonjwa ambao sitautamka hapa. Mwingine ameandikwa kwamba anatishiwa na watu wa kabila lake mwenyewe na asiwekwe karibu nao, na mbele yake umeandikwa mtaa anaoishi. Mafuta yalikuwa yameilowesha karatasi hadi majina ya upande wa pili yakawa yanasomeka kutokea upande huu.

Nilirudi nikanunua karatasi zote alizokuwa nazo yule mama, zikiwa na mandazi na zisizo nayo, nikazipeleka kwa mkubwa wangu. Aliziangalia, akaniuliza neno moja: "Nani?"

Nilijua ni nani. Alikuwa tarishi, kijana mpole, aliyeambiwa atoe maboksi ya karatasi kuukuu kwenye stoo kwa sababu nafasi inahitajika. Mashine ya kukatia karatasi ilikuwa mbovu kwa muda mrefu. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba karatasi hizi ni siri na hizi si siri. Aliziuza kwa kilo, kama ambavyo mtu yeyote hapa angeuza. Nikamtaja. Ijumaa ile ikawa ndiyo siku yake ya mwisho kazini, na mkubwa wetu akaandika ripoti kwamba tatizo limetatuliwa.

Baadaye mwaka uleule kompyuta ya mkononi ilipotea kwenye gari, ikiwa na orodha nzima ya eneo moja. Msaidizi aliyekuwa nayo alikaa kimya siku tisa. Siku tisa! Alipobanwa na kusema, nilimuuliza kwa hasira, "Kwa nini hukuja siku ileile? Tungeifunga kutoka mbali." Akanitazama na kusema, "Nilimkumbuka yule wa karatasi."

Wazee wangu, sijawahi kusoma kitabu cha uongozi kilichonifundisha kuliko maneno hayo manne.

Twendeni Marekani sasa, maana hata kule kuna tarishi wao. Kampuni ya Equifax huhifadhi rekodi za mikopo ya watu. Machi 2017 ilitangazwa duniani kwamba programu moja inayotumiwa na tovuti nyingi ina tundu, na kiraka chake kipo, kila mwenye nayo azibe. Kuna mahali ndani ya Equifax hapakuzibwa. Wadukuzi waliingia Mei wakakaa hadi mwisho wa Julai, wakachukua taarifa za watu takriban milioni 147. Tunasema usipoziba ufa utajenga ukuta.  Mkurugenzi mkuu, Richard Smith, aliacha kazi Septemba, na mwezi uliofuata akaitwa mbele ya Bunge la Marekani. Alieleza kwamba kulikuwa na hitilafu ya mashine, na kulikuwa na mtu mmoja ambaye hakufikisha agizo la kuziba. Mtu mmoja!

Wabunge walipochunguza na kutoa ripoti yao Desemba 2018, walikuta mengine. Kifaa kilichowekwa kuchungulia mawasiliano yanayotoka, yaani mbwa wa kulinda boma, kilikuwa kipofu kwa miezi 19, kwa sababu cheti chake cha usalama kilikwisha muda na hakuna aliyekihuisha. Miezi 19 ni misimu mitatu ya mvua. Kama boma zima limelindwa na mbwa kipofu kwa muda huo, mtu mmoja aliyesahau ujumbe hawezi kuwa ndiye sababu. Yeye ni wa mwisho tu kwenye foleni ya waliosahau, na mara nyingi wa mwisho ndiye mwenye mshahara mdogo.

Kosa la pili la viongozi, baada ya kumsukumia lawama mtu wa chini, ni kununua ukimya. Mwishoni mwa 2016 wadukuzi wawili walipata taarifa za wateja na madereva wa Uber, watu milioni 57. Mkuu wa usalama wa kampuni, Joe Sullivan, alikuwa mtu mwenye sifa, aliyewahi kuwa mwendesha mashtaka wa serikali. Wadukuzi walilipwa dola 100,000, wakatia saini mkataba wa kunyamaza, na malipo yakaingizwa kwenye hesabu kana kwamba ni zawadi kwa watafiti wema waliogundua kasoro. Mwaka mmoja baadaye alikuja mkurugenzi mpya, Dara Khosrowshahi, akaitangaza habari ile na kumwachisha kazi Sullivan. Oktoba 2022 mahakama ilimtia hatiani kwa kuzuia uchunguzi na kuficha uhalifu, na Mei 2023 akapewa miaka mitatu ya uangalizi na faini ya dola 50,000. Mababu walishamaliza: mficha maradhi, kifo humuumbua. Nawaomba vijana mtazame jambo hili kwa makini. Hakuhukumiwa kwa kuibiwa. Kila boma linaweza kuibiwa. Alihukumiwa kwa yale aliyofanya baada ya kujua.

Sasa kisa ambacho kwetu ni cha jirani kabisa. Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu tunaijua. Hospitali ya Lopiding pale Lokichoggio waliiendesha tangu 1987 hadi 2006, na waliojeruhiwa vitani Sudan waliletwa kwa ndege kutibiwa katika ardhi hii. Tunaijua pia kazi yao nyingine, wanayoifanya pamoja na Msalaba Mwekundu wa Kenya: kutafuta ndugu waliopotezana. Kakuma wapo watu waliopata sauti ya mama yao kwa njia hiyo baada ya miaka mingi.

Tarehe 18 Januari 2022 kamati hiyo iligundua kwamba seva zake, zilizotunzwa na kampuni moja Uswisi, zimeingiliwa. Ndani yake zilikuwamo taarifa za watu zaidi ya 515,000 kutoka vyama vya kitaifa visivyopungua 60: waliopotea, waliofungwa, waliotenganishwa na familia zao kwa vita na majanga. Ni watu kama mliokaa hapa. Kesho yake tu, tarehe 19, waliitangazia dunia. Mkurugenzi mkuu, Robert Mardini, alisimama mbele ya umma akawasihi wadukuzi, ambao hata hakuwajua, wasiziuze wala kuzisambaza taarifa za watu ambao tayari wameteseka. Mwezi uliofuata walieleza kwa kina na bila kujipaka mafuta: wavamizi waliingia tangu tarehe 9 Novemba, wakakaa ndani siku 70, wakipitia tundu ambalo kiraka chake kilikuwapo na hakikuwekwa kwa wakati.

Mpaka hapo kosa lao na kosa la Equifax ni ndugu wa baba mmoja: tundu, kiraka, kuchelewa. Tofauti ilianzia asubuhi ya kwanza baada ya kujua. Hawakutafuta tarishi. Walizizima seva, wakaendelea kutafuta ndugu za watu kwa njia za kizamani, hata kwa majedwali ya kawaida, kwa sababu kazi ile huwakutanisha na familia zao kwa wastani watu 12 kila siku duniani. Kisha wakafanya jambo linalonigusa kuliko yote: waliwatafuta wenye majina. Kwa simu, kwa barua, na mahali ambapo simu na barua hazifiki, walituma watu wafunge safari hadi vijijini wakaseme ana kwa ana, "Jina lako lilikuwa kwetu, na limetutoka." Fikirini uzito wa safari hiyo. Kwenda kumpelekea mtu chakula ni rahisi. Utapokewa kwa vigelegele. Kwenda kumwambia kwamba umepoteza siri yake, huo ndio uongozi, hata kama aliyetumwa ni mfanyakazi wa kujitolea mwenye fulana na chupa ya maji.

Kisa kingine ni kifupi na kina kicheko ndani yake. Ijumaa ya tarehe 19 Julai 2024 kampuni ya CrowdStrike, ambayo kazi yake ni kulinda kompyuta, ilisambaza sasisho lenye kosa, na kompyuta zipatazo milioni 8.5 zikazima. Ndege zilibaki chini, hospitali zikarudi kwenye kalamu. Mlinzi ndiye aliyeangusha nyumba. Mwezi uliofuata, kwenye mkutano wa wadukuzi Las Vegas, wakatoa tuzo yao ya kejeli ya anguko kubwa la mwaka.  Rais wa kampuni, Michael Sentonas, alipanda jukwaani mwenyewe, akaipokea, akasema ataipeleka makao makuu iwekwe mahali ambapo kila mfanyakazi akiingia ataiona. Kombe la aibu sebuleni! Mfanyakazi mpya akiliona atajua kwamba nyumba hii kosa halizikwi, na siku atakapokosea yeye, atajua pa kulipeleka.

Na nyumbani Kenya? Mnamkumbuka Bob Collymore. Mwaka 2011, picha za njaa zilipotoka hapa Turkana, yeye na kampuni aliyoiongoza ya Safaricom, benki ya KCB, vyombo vya habari na Msalaba Mwekundu walianzisha mchango wa Kenyans for Kenya. Mwenye shilingi kumi alituma kumi kwa M-Pesa, na lengo la shilingi milioni 500 lilipitwa kabla ya muda wake. Hilo linasimuliwa sana. Mimi napenda mawili yasiyosimuliwa sana. Mwaka 2015 alitangaza mali yake hadharani, jambo ambalo hakulazimishwa. Na mwaka 2018, aliporudi kutoka matibabu Uingereza, alieleza wazi kwamba ana saratani ya damu. Alifariki tarehe 1 Julai 2019. Mkubwa anayeweza kutaja mfuko wake na ugonjwa wake mbele ya watu amewapa walio chini yake ruhusa ambayo haiandikwi kwenye sera yoyote.

Serikali nayo imejifunza kwa kuungua. Julai 2023 mfumo wa eCitizen ulilemewa na shambulio la kundi lililojiita Anonymous Sudan. Kwa wasiojua shambulio la namna ile, chukueni kisima kimoja cha mchangani, kisha leteni mbuzi wa adakari nzima, yaani kambi nzima ya wafugaji, kwa wakati mmoja. Hakuna aliyeiba maji, lakini hakuna anayekunywa. Watu walikwama kwenye pasipoti, kwenye tiketi za treni, hata kwenye tokeni za stima. Waziri wa wakati huo, Eliud Owalo, alithibitisha kwamba shambulio lipo na kusema hakuna data iliyopotea. Hapo tulijua kwamba tumeziweka huduma nyingi kwenye kisima kimoja, na mfugaji yeyote wa Turkana angetuambia mapema kwamba hamuwezi kunyweshea mahali pamoja tu.

Sheria tunayo. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inasema kwamba taarifa za watu zikivuja kwa namna inayoweza kuwadhuru, Kamishna wa Data aarifiwe ndani ya saa 72 tangu kujua, na wenye taarifa waambiwe pia. Kamishna wa kwanza, Immaculate Kassait, aliapishwa Novemba 2020. Lakini sikilizeni maneno haya: tangu kujua. Sheria inaanza kuhesabu saa pale mkubwa anapojua. Haina uwezo wa kuhesabu siku tisa za kijana anayemkumbuka mwenzake wa karatasi. Saa hizo zinahesabiwa na hofu, na hofu hiyo haiwezi kuondolewa na Bunge. Inaondolewa na wewe mwenye ofisi.

Wala msiseme ofisi ni za wengine. Tazameni kibanda cha M-Pesa hapa sokoni. Mama amepigiwa simu: "Nimekutumia pesa kimakosa, tafadhali nirudishie." Ujumbe umeingia unaofanana kabisa na wa kweli. Ametuma elfu tatu, na baada ya dakika mbili anagundua salio lake halikuongezeka. Atamwambia nani? Nyumbani watamcheka. Kwenye chama watasema, kumbe mama fulani ni mjinga hivyo! Kwa hiyo ananyamaza, na namba ileile inapiga kibanda cha pili, halafu cha tatu, mtaa mzima kabla ya adhuhuri, kila mmoja akiibiwa peke yake na aibu yake. Tapeli hakuwashinda kwa ujuzi wa kompyuta. Aliwashinda kwa kicheko chetu. Mwenyekiti wa chama anayeanza mkutano kwa kusema, "Nani amepigiwa simu ya wakora wiki hii? Mimi nilipigiwa, na nilikaribia kutuma," amefanya kazi ambayo wakuu wa usalama wa benki kubwa wanalipwa mamilioni kuifanya.

Kwa hiyo, nyinyi wa serikali ya kaunti, nyinyi wa mashirika, nyinyi wakuu wa shule na hospitali, na nyinyi viongozi wa mitaa kule kambini, nawaomba machache. Habari mbaya ikija, swali la kwanza liwe "Nani ataumia?" Swali la "Nani amefanya?" litangoja, halina haraka, na mara nyingi jibu lake litarudi kwako mwenyewe, uliyeacha mashine ya kukatia karatasi ikae mbovu. Aliyeleta habari mshukuruni mbele ya wenzake, hata kama ndiye aliyekosea. Kabla hamjamwandika mtu, jiulizeni kama kweli mnahitaji kile mnachoandika, maana kisichoandikwa hakivuji: ile safu ya "Maelezo" nani aliihitaji kwenye orodha ya mgao? Na mwenye kidole aambiwe, kwa lugha yake, kidole chake kinakwenda wapi. Mwenye njaa hawezi kukataa kuweka kidole. Asiyeweza kukataa ndiye anayestahili kuelezwa zaidi.

Nanyi vijana, wengine mnasoma hapa Lodwar, wengine nimewaona mkitoka kule ziwani, kwenye majengo ya minara aliyoyabuni msanifu majengo Francis Kéré kwa mfano wa vichuguu, mnakojifunza kazi za kompyuta. Kesho ninyi ndio mtakuwa wakurugenzi, ndio wakuu wa usalama. Tumelelewa na methali kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Ni kweli. Ila katika kazi hii yetu nimeona miguu mingi zaidi ikivunjwa na wakuu wasiosikia la mdogo.

Nimalize kwa deni.

Tarishi yule nilimtafuta miaka kadhaa baadaye nikamwomba radhi. Alinisamehe kwa urahisi ulioniumiza. Lakini kuna watu wengine katika kisa kile ambao hamjaniuliza habari zao, na mkubwa wangu hakuuliza, na mimi sikuuliza: wale waliokuwa kwenye karatasi. Mjane. Mgonjwa. Yule aliyekuwa akitishiwa, ambaye mtaa wake ulizunguka sokoni ukiwa umefungiwa mandazi. Ripoti iliandikwa, tarishi akaondoka, karatasi nikazichoma kwa mkono wangu, na hakuna hata mmoja kati yao aliyeambiwa. Niliwahukumu Equifax, nikamhukumu Sullivan, mkanisikiliza kwa utulivu. Na mimi je?

Huenda wengine wamo ukumbini leo. Huenda wamehamishiwa nchi za mbali, huenda wamerudi makwao. Kwa aliyekuwa akiishi Kakuma miaka ile na jina lake likiwa kwenye orodha: lilitutoka, nililiona, na sikukwambia.

Jua limezama zamani, babu. Mbuzi wawili hawapo, na mchungaji aliyenyamaza nilikuwa mimi.